Pedi ya kufua huanzia kwenye kamba ya kuanikia: kushona, kujaribu na kuuza Mwanza na visiwani

Ukimwambia mtu unataka kushona pedi za kufua, swali la kwanza litakuwa: hazivuji? Kuvuja kuna dawa, na tutaifikia. Kinachoua kazi hii kandokando ya Ziwa Victoria na visiwani mwake ni kuchelewa kukauka. Pedi nene iliyoshonwa tabaka sita kwa pamoja, masika ya Machi hadi Mei, inaweza kukaa siku mbili kwenye kamba na bado ina unyevu katikati. Binti anaona haya kuiacha nje siku mbili mbele ya kaka zake na wapangaji, anaiingiza chini ya godoro ikiwa mbichi, inanuka, na mwezi unaofuata anarudi kwenye kipande cha kanga. Kwa hiyo kabla ya kuchora kigezo, jiulize itaanikwa wapi na kwa saa ngapi.

Jibu tunalolipendekeza ni pedi ya vipande viwili. Kuna ganda, lenye mabawa na kifungo, linalokaa kwenye chupi na kuzuia kuvuja. Na kuna kitambaa cha kufyonza, ambacho ni mstatili wa flaneli unaokunjwa mara tatu na kupachikwa juu ya ganda. Ukikikunjua kina tabaka mbili tu, kinakauka haraka, na kikiwa kwenye kamba kinafanana na leso ya kawaida. Huyo binti anaweza kukianika uani bila kukifunika na kanga, nacho kikapata jua. Faida nyingine ni kwamba akiwa shuleni anabadilisha kitambaa tu, ganda linabaki.

Seti moja iwe na maganda 3 na vitambaa 8. Kitambaa hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6 mtu akiwa macho, yaani vitatu au vinne kwa siku, na vinane vinatosha vya leo viwe mwilini huku vya jana viko kwenye kamba. Wanaogawa seti yenye pedi mbili tatu wanahesabu idadi ya watu waliofikiwa. Siku ya pili ya hedhi hawaihesabu.

Vitambaa

Flaneli iwe ya pamba tupu. Dukani kila flaneli ni ya pamba, ukimsikiliza muuzaji, kwa hiyo omba akukatie nyuzi chache pembeni ukazichome na kiberiti. Pamba inawaka haraka, inanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu linalopukutika kidoleni. Polista inayeyuka, inajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukipata vyote viwili ujue ni mchanganyiko. Utafyonza kidogo na kuteleza. Maduka ya vitambaa ya Makoroboi, mjini Mwanza, yamebanana, hivyo ukikataliwa kuchoma uzi duka moja unavuka kwenda la pili.

Kwenye soko la mitumba la Mlango Mmoja utakuta mashuka na mashati ya flaneli ya mtumba kwa bei ya kushawishi. Kwa kujifunzia kukata, sawa. Kwa kuuza, hapana: mitumba ya nguo za ndani imekatazwa nchini, na mteja akijua pedi yake ilikuwa shati la mtu, hutamweleza ukaeleweka.

Fua flaneli yote mara mbili na kuianika kabla mkasi haujaigusa. Sababu ni mbili. Flaneli mpya hunywea, asilimia 5 kwa kawaida na hata 10 ikiwa duni, kwa hiyo ukishona kabla ya kufua ganda litajikunja kama chapati iliyoungua. Pili, kitambaa kipya kina dawa ya kiwandani inayosukuma maji. Dondosha tone moja la maji juu yake: likikaa kama shanga, rudisha beseni. Linatakiwa kuzama papo hapo.

Upande wa chini wa ganda unahitaji kitambaa kisichopitisha maji lakini kinachopitisha hewa. Kinachofaa ni PUL, polista laini iliyopakwa utando wa plastiki upande mmoja, ileile ya nepi za kufua. Si kila duka Mwanza wanayo, mwombe muuza vitambaa akuagizie. Kitambaa cha mwavuli huzuia manyunyu tu, kikibanwa na mtu aliyekaa dawati saa tatu kinapitisha. Mfuko wa rambo ndani ya pedi usithubutu, unapasuka, unapiga kelele mtu akitembea na unachemsha ngozi.

Uzi uwe wa polista. Uzi wa pamba unanyonya, na damu hutambaa juu yake kutoka katikati hadi pindoni, kisha inatokea upande wa pili kupitia matundu ya sindano. Pedi nyingi zinazosemwa "PUL yake feki" zimeponzwa na uzi.

Hesabu ya seti 20

Maganda 60, vitambaa 160. Flaneli yenye upana wa sentimita 150 ikishafuliwa hubaki na 142 hivi. Kitambaa cha kufyonza hukatwa sm 24 kwa 23, vipande viwili kwa kila kimoja. Laza sm 23 kwenye upana na utapata vipande 6 kwa safu, ukiigeuza 24 ikae kwenye upana utapata 5 tu na mabaki yasiyofaa kitu. Vipande 320 ni safu 54, sawa na mita 13 kasoro kidogo. Ganda hukatwa ndani ya mstatili wa sm 27 kwa 24. Hapa sm 27 ndiyo ikae kwenye upana, vipande 5 kwa safu, safu 12, mita 2.9. Jumla ni karibu mita 16 baada ya kufua, nunua 18. PUL hainywei, mita 3 zinaenea lakini chukua 3 na nusu, maana kosa la mkasi kwenye PUL halina kiraka. Ongeza vifungo vya kubana vya plastiki jozi 70 na utepe wa polista wa sm 2 upana, mita 12. Vifungo vya chuma vinapata kutu.

Kigezo

Chora kwenye boksi gumu. Ganda likishamalizika liwe na urefu wa sm 25, upana wa mwili 7.5, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa sm 22. Ncha za mbele na nyuma ziwe za mviringo. Ongeza sentimita 1 kuzunguka kote kwa ajili ya mshono. Mabawa yakae katikati ya urefu, yawe na upana wa sm 7 pale yanapoungana na mwili. Yakiwa membamba zaidi pedi inazunguka kama usukani mtu akitembea. Kona kati ya bawa na mwili ichore kwa mkunjo wazi, kwa sababu kona kali itakusumbua utakapopindua na ndipo mshono unapochanika kwanza.

Kushona kitambaa cha kufyonza

Hiki ni chepesi. Vipande viwili uso kwa uso, shona pembeni ukiacha sm 1, acha mwanya wa sm 5, kata kona, pindua, kisha piga mshono wa juu kuzunguka kote, nusu sentimita kutoka pindoni, ufunge na mwanya. Kimekuwa sm 22 kwa 21. Piga mishono miwili zaidi iliyonyooka, mmoja sm 7 kutoka upande huu na mwingine sm 7 kutoka ule, kugawa ile 21 sehemu tatu. Mishono hiyo inaonyesha pa kukunjia na inazuia tabaka zisitembee zikifuliwa. Fundi aliyezoea hutumia dakika 6 hivi kwa kimoja. Kwa usiku, au siku yenye damu nyingi, vinapachikwa viwili kwa pamoja.

Kushona ganda

Sindano namba 11, mpya. Butu inatoboa PUL kwa kuipasua, na tundu lake halirudi. Urefu wa mshono milimita 3, kwa sababu mishono iliyosongamana inaigeuza PUL kuwa kama karatasi ya stempu, inachanika yenyewe kwenye mstari. Pini ziingie ndani ya ile sentimita 1 ya mshono tu. Katikati ya ganda pasitobolewe na chochote, iwe pini, sindano au nembo ya taasisi. Kuna wafadhili wanaopenda jina lao litariziwe juu ya pedi. Waelekeze kwenye mfuko.

Anza na tepe, kwa sababu ndizo zinazoshika kitambaa cha kufyonza na hutaweza kuziweka baadaye bila kutoboa PUL. Kata tepe mbili za sm 10. Zilaze juu ya kipande cha flaneli peke yake, moja sm 4.5 kutoka ncha ya mbele ya kipande na nyingine umbali huohuo kutoka nyuma, zikikatisha mwili. Zilegeze kidogo ili kidole kipite chini yake, kisha zishike pembeni kwa mshono mmoja mmoja ndani ya sentimita ya mshono.

Sasa weka PUL juu ya flaneli, upande wake wa kitambaa ukitazama tepe na upande unaong'aa ukikutazama wewe. Hapa ndipo wengi hukosea na kugundua baada ya kupindua. Upande unaong'aa unatakiwa uishie ndani, usipambane na sabuni na chupi. Utando huo hunata chini ya mguu wa cherehani, kitambaa kinasimama na mishono inarundikana sehemu moja. Usivute, utapinda sindano. Weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya mguu na PUL, shona juu yake, kisha ichane. Gazeti linaacha wino.

Shona kuzunguka kote, uache mwanya wa sm 6 kwenye ubavu wa mwili, kati ya bawa na ncha, mahali palipokaribia kunyooka. Mwanya ukiuacha kwenye ncha ya mviringo hautafungika vizuri, na ncha ndiyo inayovuja mtu akilala. Punguza ziada ya mshono ibaki nusu sentimita, kata vijinafasi kwenye mikunjo bila kugusa uzi, pindua, kunja pindo za mwanya ndani na piga mshono wa juu milimita 4 kutoka pindoni. Usipige mistari mingine.

Vifungo hukaa sm 1.5 kutoka ncha ya bawa. Bawa moja kifungo kitokeze upande wa flaneli, jingine kitokeze upande wa PUL, maana mabawa yanapandana chini ya chupi. Ukiviweka vyote upande mmoja havitakutana, na kifungo cha plastiki kikishabanwa na koleo hakitoki bila kuvunjwa. Fanya moja, jaribu kwenye chupi, ndipo uendelee na 59.

Kabla ya kuuza, zijaribu

Chukua bomba la sindano la mililita 10 la duka la dawa. Pachika kitambaa kwenye ganda, laza juu ya tishu nyeupe kavu, mimina polepole mililita 20 za maji katikati, subiri dakika 2, kisha kandamiza na pakiti ya sukari ya kilo 1 kwa dakika nyingine 5. Hedhi nzima ya kawaida haizidi mililita 80 kwa siku zote, kwa hiyo 20 kwa mkupuo ni mtihani mgumu wa kutosha. Tishu ikilowa katikati, PUL ni mbovu au imetobolewa. Ikilowa kwenye mstari wa pindo, ni uzi au mshono uliosongamana. Ikilowa kwenye bawa, kitambaa cha kufyonza kimekaa upande.

Jaribio la pili ndilo la muhimu zaidi. Fua kitambaa na ganda, kamua, anika saa 2 asubuhi siku ya jua na siku ya mawingu, uguse kila saa ukiandika. Kitambaa kisipokauka kabla ya jua kuzama siku ya mawingu, flaneli yako ni nzito mno. Halafu fua seti moja mara 30 kabla ya kumpa mtu neno lolote kuhusu itadumu miaka mingapi.

Maji

Mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, na visiwani mtu atakwambia: maji yako tele, ziwa hilo hapo. Maelekezo yako lazima yaseme wazi kwamba pedi hazifuliwi ndani ya ziwa. Anayesimama kwenye maji ya kina kifupi yenye magugu anajipatia kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha. Maji ya ziwa yachotwe, yakae kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili, au yachemshwe. Maji yaliyokwisha kufulia yamwagwe chooni.

Ndoo ya lita 10 inatosha vitambaa vitatu. Lita 3 za maji baridi kuloweka nusu saa, maana maji ya moto huikamatisha damu kwenye nyuzi. Lita 3 na sabuni ya mche, zilizobaki kusuuza hadi maji yawe meupe. Jiki inaozesha PUL, na dawa ya kulainisha nguo inapaka nyuzi mafuta hadi zinakataa kufyonza. Anika juani. Mvua ikigoma kukatika, kitambaa cha kufyonza kipigwe pasi ya moto hadi kikauke kabisa. Ganda lisiguswe na pasi, utando utayeyuka. Na pedi ya mtu ni ya mtu, hata kama ni pacha wake.

Haya yote yachapwe kwa Kiswahili kwenye karatasi moja ndani ya mfuko, pamoja na jina lako, aina ya vitambaa, ukubwa na namba ya toleo. Usiandike kwamba pedi inatibu au inazuia fangasi.

Bei

Mfano wa hesabu, weka bei za siku yako. Flaneli mita 18 kwa 5,000 ni shilingi 90,000. PUL mita 3.5 kwa 15,000 ni 52,500. Vifungo 7,000, uzi na utepe 12,000, mifuko 20 ni 10,000. Jumla 171,500, sawa na 8,575 kwa seti. Fundi mmoja anamaliza seti 20 kwa siku nne. Ukimlipa 15,000 kwa siku unaongeza 3,000 kwa seti. Nauli 500. Ongeza asilimia 10 ya zitakazoharibika na za mfano, 1,200. Umefika 13,275 kabla ya faida, na wengi wanaoanza huuza 10,000 wakidhani wanapata kwa sababu hawajajilipa wenyewe.

Kwa 15,000 mama atashtuka. Mwekee karibu na hesabu anayoijua: pakiti ya pedi za kutupa, tuseme 2,000, kila mwezi, ni 24,000 kwa mwaka, na nyumba ina mabinti wawili. Halafu mpe awamu tatu za 5,000. Kwenye mialo ya dagaa panga awamu kwa kufuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa mitumbwi inalala na pesa inalala nayo. Ukienda Kirumba au kisiwani kudai siku hizo utarudi na ahadi. Nenda giza likiwa katikati, wanaoanika dagaa wana fedha mkononi.

Ukitaka kusukuma sera pamoja na kuuza, kumbuka kilichotokea 2018, pale serikali ilipoondoa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 kwenye taulo za kike, na 2019 ikairudisha kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka. Ukienda kwa diwani wako na ombi la kodi, nenda pia na bei ulizoziandika mwezi kwa mwezi kutoka maduka ya Nansio, Sengerema na mjini. Ombi lenye bei huwa gumu kujibiwa kwa hotuba.

Makaratasi ni haya: jina la biashara kutoka BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA, leseni ya halmashauri, na kwa alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango) anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanaotoa barua ya utambulisho kwa wajasiriamali wadogo. Mtaji unaweza kuombwa kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kwa kawaida hutolewa kwa kikundi, hivyo tafuta wenzako mapema.

Kuingia shuleni

Barua iende kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa afisa elimu kata, ndipo kwa mkuu wa shule. Usianze na mwalimu unayefahamiana naye, utamponza. Mkifika, kwanza omba kuona vyoo. Mwongozo wa nchi ni tundu moja kwa wasichana 20. Hesabu matundu, angalia kama mlango una komeo, kama kuna maji ndani au hatua chache tu na mahali pa kuning'iniza mfuko. Choo kisicho na komeo kinafanya seti yako itumike nyumbani tu.

Weka chupi mbili katika kila seti ya shule. Pedi yenye mabawa inahitaji chupi ya kushikia, na wapo wanafunzi wenye moja tu, iliyolegea lastiki. Hili likisahaulika, ganda linageuzwa kitambaa cha kufutia ubao.

Onyesho lisizidi nusu saa. Mimina zile mililita 20 mbele yao, waache wabonyeze wenyewe, wapachike na kubandua kitambaa kwa mikono yao. Matroni awepo, maana ndiye atakayeulizwa wiki ijayo. Wavulana wapate kipindi chao cha dakika 15 na mwalimu wa kiume. Ukiwafukuza tu nje watasikiliza dirishani.

Rudi baada ya miezi mitatu. Usimuulize binti kama anazitumia, atakujibu "ndiyo, dada" kwa heshima na utaandika asilimia mia. Mwombe, matroni akiwepo na kwa hiari yake, alete ganda moja ulione. Lililofuliwa mara nyingi flaneli yake imepata vinyweleo na rangi imepauka katikati. Lisilotumika bado lina mkunjo wa mfukoni. Tazama kwanza kona ya bawa na mwili, kisha mwanya ulioufungia, kisha vuta kifungo. Sehemu ile ile ikichanika kwenye maganda matatu kati ya kumi, tatizo liko kwenye kigezo chako. Kata boksi jipya, ongeza mkunjo wa kona kwa nusu sentimita, andika tarehe juu yake, na la zamani lichome ili fundi asilishike kwa bahati mbaya.